Clémentine ajiona kwenye video

Clémentine alifundisha Kifaransa huko Kabambare tangu hajaolewa, na hakuna aliyewahi kumuuliza anawaza nini darasani. Wa kwanza alikuwa Octave, mwanafunzi wa ualimu aliyefika kutoka Kasongo kwa pikipiki, matope hadi magotini. Utafiti wake ulihusu walimu wa lugha wanaojifunza kazi kwa simu. Kwanza, kabla ya mafunzo hayo, alipiga video ya somo. Kisha mwalimu akaitazama naye, na kila aliposimamisha, mwalimu alieleza mawazo yake ya wakati ule.

"Hapa, Mama, ulikuwa unawaza nini?"

"Sombe, mboga ya mchana. Niliiacha ku moto."

Octave akaandika: sombe.

"Na hapa?"

"Sombe ile ile."

Akaandika tena. Alikuwa amekatazwa kumtilia mtu maneno kinywani.

Katika video Clémentine aliinua kalamu, akauliza ni nini, akajibu mwenyewe. Akauliza swali jingine, akajibu hilo pia. Nyuma kabisa Sarah-Grâce, ambaye shule nzima ilijua hajui Kifaransa, alifungua kinywa. Akakifunga.

"Rudisha," Clémentine alisema.

Mtoto akafungua kinywa tena.

"Uyu mutoto iko anataka kusema!"

"Mama, mimi siruhusiwi kutoa maoni."

"Sijakuuliza maoni. Rudisha."

Octave akaenda Lusangi kwa walimu wengine. Huku nyuma, Clémentine akaanza kuuliza na kunyamaza. Kunyamaza kulimchosha kuliko kulima. Watoto walitazamana, wakidhani mwalimu anaumwa. Mwishowe Sarah-Grâce alisimama akasema kwa Kifaransa safi kwamba ile ni kalamu. Ilikuwa rula. Clémentine alimshangilia hadi darasa la jirani likaja kuchungulia.

Octave aliporudi na masomo yake ndani ya simu, alikuta mwalimu ameshabadilika.

"Mama, ulipaswa kungoja mafunzo yangu kwanza! Sasa nitaandika nini?"

"Andika: nilijiona."

Octave alifungua daftari lake. Kisha akafuta kichwa cha utafiti wake, akaandika kingine, kuhusu walimu wanaojitazama kwenye video. Msimamizi wake alikikubali baada ya kunung'unika kidogo.

Darlène, mwalimu wa darasa la jirani, aliomba naye apigwe video. Alijitazama mpaka mwisho, akamrudishia Octave simu yake.

"Hii simu iko na kasoro," akasema, akarudi darasani.