Kwenda Kakuma Kuuliza kwa Nini Zabibu Zangu ni Chachu

Jumanne, 20 Februari 1996. Lodwar kumeamka na upepo. Mchanga umeingia hadi kwenye chai. Sababu ya safari naiandika kwanza, nisije nikaipamba baadaye: mke wangu Akiru amechoka. Nyuma ya jiko letu kuna mzabibu nilioachiwa na fundi mmoja aliyehama, na mimi, mtu wa darasa la saba, nilitangazia mtaa mzima kwamba utazaa zabibu tamu kabla ya Pasaka. Zimekuwa chachu. Kila nilipoonja nikakunja uso, niliongeza maji. Sasa ni jerikeni nne kwa siku kutoka visima vya mchanga vya mto Turkwel. Kwa haki, tatu anabeba Akiru. Moja nabeba mimi, nikikumbuka.

"Baba Ekai," aliniambia, "ukirudi bila jibu, mbuzi watakula huo mti. Na mimi ndiye nitawafungulia."

Saa tatu asubuhi tuliondoka kwa msafara wa malori, askari mbele kwa hofu ya majambazi. Nilikuwa juu ya magunia ya lori. Nikamwambia jirani yangu kwamba nasafiri kwa mambo ya kilimo. Akauliza nina ekari ngapi. Nikajifanya upepo umenizuia kusikia.

Kakuma, saa nane mchana. Nilivuka mto Tarach kwa miguu, mkavu kabisa, nikaingia kambini kumtafuta Mwalimu Lado, mkimbizi wa Sudan aliyesomea mimea chuoni kwao. Muuza samaki mmoja wa Lodwar ndiye aliyeniambia kwamba Mwalimu huyo ana zabibu mlangoni.

"Ejok, Mwalimu?" nikamsalimu kwa Kiturkana.

"Ejok-noi. Karibu. Hiyo kitambaa iko na nini?"

Nilikuwa nimebeba kichala kama ushahidi. Akauma zabibu moja, jicho likajifumba lenyewe.

"Hii ulikata ikiwa mtoto?"

"Hapana, Mwalimu. Nimeilea."

"Unapea maji ngapi?"

"Jerikeni nne," nikasema kwa fahari.

"Kwa wiki?"

"Kwa siku."

Akamwita mkewe. "Mama Keji! Njoo usikie mambo!"

Mama Keji alisikia, akanitazama juu mpaka chini. "Sisi hapa tunapanga foleni ya maji ya kunywa, na huyu anaogesha mti!"

Mzabibu wao ulikuwa mwembamba, umetandazwa kwenye waya juu ya mlango, majani machache, zabibu nyeusi. Mwalimu alinipa tatu. Nilikula nne. Zilikuwa tamu mpaka nikaona haya.

"Lala hapa," akasema. "Kesho saa nne nitakuonyesha."

Jumatano, saa nne. Alinishika mkono akauweka juu ya jani. Jua lilikuwa kali, lakini jani lilikuwa na ubaridi.

"Chini ya jani iko midomo midogo, macho yako haioni. Ikifunguka, maji inatoka kama jasho, jani inapoa. Mti ikipata kiu sana, midomo inafunga, jani inakuwa moto. Midomo ikifunga, hakuna kutengeneza sukari."

"Basi maji mengi, sukari nyingi!"

"La, la. Angalia ncha." Ncha ya tawi ilikuwa imesimama, haikui tena, na vijikono vyake vya kushikia vimesinyaa. "Ya kwako inakimbia, sivyo?"

"Imefika paa la jirani."

"Ndiyo hiyo! Sukari inaisha kwa kujenga matawi. Zabibu ikianza kulainika, ikibadilisha rangi, punguza maji. Tawi isimame, lakini jani isifunge midomo. Mimi napea jerikeni moja, mara mbili kwa wiki. Ncha ikikimbia, naruka siku. Jani ikiwa moto saa nne, napea. Kalas, basi."

Njia yote ya kurudi nilitunga maneno. Niseme wataalamu wamebadilisha mawazo? Niseme mti umekua, sasa hauhitaji? Nilikuwa na uongo mzuri wa aina nne hivi.

Lodwar, jioni. Akiru alikuwa jikoni. Nyuma yake jerikeni tatu zimejaa.

"Umepata jibu?"

"Nimepata. Maji ndiyo yaliyoziharibu. Jerikeni mbili kwa wiki zinatosha, na saa nne mtu anashika jani ajue kama lina kiu. Hukuwa na haja ya kubeba hata robo yake."

Akaacha mwiko. "Tangu Novemba?"

"Tangu Novemba."

"Na aliyekuwa akisema 'ongeza' ni nani?"

"Ni mimi."

Akatoka nje, akaenda moja kwa moja upande wa zizi. Sikumfuata, sikuwa na haki ya kumzuia. Aliporudi alikuwa na vichala viwili vichachu, na mbuzi walikuwa bado wamefungiwa.

"Jerikeni mbili za wiki ni zako, Baba Ekai. Na saa nne utashika majani wewe, watu wakikuona."

"Nitashika."

Nilichojifunza ni kidogo. Mti haukusema una kiu, na Akiru alisema kila siku kwamba amechoka. Kati ya hao wawili, nilimsikiliza asiyesema.

Tulikula ugali na samaki mkavu wa ziwani. Akiru alikamulia zile zabibu kwenye mchuzi badala ya ndimu. Mchuzi ulikuwa mtamu sana. Nilitaka kusema hivyo, nikaona mimi kuhusu utamu nimeshasema ya kutosha.