Kitenge Kilichoziba Feni ya Hita

Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mkuu wa karakana yetu pale Tunduma alinipa testa, kijiti chenye taa cha kutafutia umeme, akasema, "Usipojua, uliza. Ukiunguza, sema." Nimeishia darasa la nne, kwa hiyo maneno hayo ndiyo yakawa cheti changu. Asubuhi ile ukungu ulikuwa umemeza malori yote ya mpakani, ukaacha taa zake tu zikielea. Mpaka leo naziota.

Sasa, wanangu, feni ya hita ndiyo inayopuliza hewa ya moto kwenye kioo cha mbele kisifunge ukungu. Ikigoma, anza na fyuzi, halafu swichi. Ikizunguka namba nne peke yake, ile ya kasi ya mwisho, basi rezista imeungua. Rezista ni kidude kinachopunguza umeme ili feni iende taratibu.

Nilipopelekwa Chitete nilitunza gari la zahanati. Kule ni joto na vumbi tu. Kiangazi tulikuwa tunaziba tundu la kuingizia hewa, lile lililo chini ya waipa, kwa kitambaa. Mimi nilichana kitenge cha mke wangu, Mama Neema, cha ndege wa njano. Alininunia siku tatu, na alikuwa na haki, maana kilikuwa cha kanisani.

Miaka ikapita, nikarudishwa Tunduma, na gari lile likahamishiwa milima ya Ileje. Siku moja dereva wake, Baba Tumaini, akalileta: feni inakubali namba nne tu. Nikabadilisha rezista chapchap, akaondoka.

Baada ya wiki akarudi, uso umemsawajika. Rezista iliungua tena, na hata namba nne ikawa inapuliza kama mgonjwa wa kifua. Kioo kilifunga ukungu kwenye kona, na nyuma kuna mama mwenye uchungu. Tairi lilisimama ukingoni mwa korongo.

"Na yule mama?" Fundi Mkuu aliuliza.

"Kajifungua salama. Ila alinitukana mpaka tunafika."

"Umechokonoa nyaya wewe! Naandika barua ufukuzwe, ukalime kahawa." Kisha Fundi Mkuu akanigeukia mimi. "Na wewe! Kilichoungua ni maiti. Uliuliza nani kakiua?"

Sikuwa nimeuliza. Rezista hupozwa na upepo wa feni yenyewe. Upepo ukizibwa, inajichoma. Nikaingiza mkono chini ya waipa, polepole kama niko usingizini, nikagusa kitu laini. Ndege wa njano.

Mfuko wa ovaroli ulikuwa wazi, na hakuna aliyekuwa ananitazama. Baba Tumaini alikuwa ameinamisha kichwa, akingoja barua yake.

"Fundi Mkuu," nikasema, "hiki ni cha Mama Neema. Nilikizibia mimi, kule Chitete."

Baba Tumaini akapumua kwa nguvu. "Kumbe shemeji ndiye aliyetaka kuniua!"

Fundi Mkuu hakucheka, ila barua hakuiandika. Nilipokitoa na kuweka rezista mpya, alinipandisha kwenye gari lile, niende nalo mpaka Ileje nikiwa kiti cha mbele. Tukapanda ndani ya weupe mtupu. Feni ikavuma, kioo kikafunguka duara dogo, likakua, na vilima vikatoka kimoja kimoja.

Sasa nimestaafu, nalima Hasamba. Kitenge kile ninacho. Asubuhi za baridi nafutia kioo cha dirisha, nakiacha hapo hapo dirishani, nikingoja vilima vitoke. Mama Neema akinikuta hapo huniuliza kila mara, "Leo utakumbuka kukitoa?"