Mwanya wa Batuli

Maulida binti Mwinyijuma alipochaguliwa kusomea tiba ya meno, mama yake alinuna wiki nzima. Alitaka bintiye awe mkunga, mtu anayepokea watoto na kuombewa dua, si mtu wa kuchungulia vinywa vya watu. Baba yake, mkulima wa minazi na mihogo huko Mapinga, alisema tu kwamba kila kazi ina mtu wake. Maulida akaenda chuo, akahitimu, akapangiwa kituo cha afya kilicho kando ya barabara ya Bagamoyo. Akapewa chumba cha mwisho, chenye kiti cha kulalia, taa ya kumulika na feni inayozunguka ikipenda.

Alikuwa mwepesi wa mkono na mkavu wa maneno. Wagonjwa walimsifu kwa hilo la kwanza na kumvumilia kwa la pili. Mtu mzima mwenye jino bovu hana haja ya porojo. Anataka ganzi ishike, jino litoke, arudi shambani. Kwa watu wa namna hiyo Maulida alitosha.

Batuli hakuwa mtu wa namna hiyo. Alikuwa kidato cha pili, mrefu kuliko umri wake, na alikuja peke yake baada ya masomo, ushungi mweupe umebanwa vizuri kwa pini.

"Shikamoo, dokta."

"Marahaba. Jino gani linauma?"

"Hakuna linalouma. Nataka mwanya."

Maulida alidhani hakusikia vizuri. Batuli akaonyesha kwa kidole, katikati ya meno mawili ya mbele ya juu. Alitaka patenganishwe kidogo tu, kama wanavyokuwa nao watu.

"Hapa tunatibu wagonjwa," Maulida alisema. "Hebu panua."

Akamulika. Meno ya mbele yalikuwa yamepangika kama punje za muhindi. Huko nyuma, magego mawili yalikuwa na vidoa vyeusi vilivyoanza kuingia ndani. Maulida akamweleza habari za vidoa, habari za pipi na soda, habari za kupiga mswaki kabla ya kulala. Akamalizia kwa kusema kuwa msichana aliyepewa meno mazuri na Mungu halafu akataka kuyaharibu ni mjinga. Yote aliyoyasema kabla ya neno hilo yalikuwa ya kweli na yenye manufaa. Batuli aliyasikiliza akiutazama mlango. Akasema asante, akatoka, na hakurudi kuzibwa magego.

Mwezi wa Shaabani ulipokaribia kwisha, alirudishwa na bibi yake, Bi Adija, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto.

"Shikamoo, bibi," Maulida akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nitazamie huyu mjukuu wangu. Maji ya mtungi hanywi. Embe anasema linamchoma. Uji anaupuliza mpaka unaganda. Nikimuuliza, kimya."

Batuli alikaa kitini, mkono mdomoni. Alipoutoa, Maulida aliona mwanya. Ulikuwa umekwenda upande, juu mwembamba na chini mpana, na kuta zake zilikuwa na mikwaruzo. Ganda jeupe la jino lilikuwa limesagwa hadi ikaonekana ile sehemu ya manjano iliyo chini yake, inayosikia baridi na moto.

"Nani kakufanyia hivi?"

"Kaka Feisal. Wa saluni."

"Kwa kitu gani?"

"Mashine ya kucha."

Bi Adija alisema "Subhana'llah" na kukaa kwenye benchi. Maneno yalimpanda Maulida kooni, maneno makali, tena mengi. Lakini alimwona msichana ameshautazama mlango, vilevile kama siku ile, na siku ile maneno yake hayakuwa yamezuia kitu. Akavuta stuli, akakaa, kichwa chake kikawa chini ya kichwa cha Batuli.

"Mimi sikukuuliza siku ile. Nakuuliza leo. Kwa nini ulitaka mwanya?"

Feni ilizunguka, ikasimama.

"Mama anao," Batuli alisema. "Shangazi anao. Bibi anao. Wageni wakija nyumbani wananitazama wanasema, huyu kamtoa nani, mbona hafanani na mama yake? Na mama anakuja kwenye harusi ya dada Sophia."

Mama yake alikuwa Maskati, akifanya kazi za nyumbani. Alikuwa ameondoka Batuli akiwa bado shule ya msingi, na tangu hapo mtoto alikuwa akimwona kwenye simu tu, akicheka, na mwanya wake ukionekana hata mtandao ukiwa mbaya.

"Wageni wanaiga," Bi Adija alisema polepole. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Anayesema ni mimi. Kamtoa nani huyu. Ni utani wangu na mjukuu wangu. Sikujua kuwa anaubeba."

Maulida alivaa glovu.

Alipokuwa akifanya kazi alimweleza Batuli kila anachokifanya kabla ya kukifanya, jambo ambalo kwa watu wazima hakuwa na mazoea nalo. Alimwambia kuwa jino si ukucha. Likisagwa halioti tena. Alisafisha zile kuta, akazifunika kwa dawa ya kuzibia yenye rangi ya jino, akaikausha kwa taa ya buluu. Mwanya ulibaki, mwembamba zaidi, kwa sababu Batuli aliomba ubaki na kwa kuwa kuuziba wote kungelibebesha jino dawa nyingi. Kisha akampa kioo.

"Dawa hii itadumu, lakini haitadumu milele. Utakuwa unakuja kuitazamisha. Na huko nyuma je, yale magego? Niyazibe leo au Alhamisi?"

Batuli alifikiri. "Alhamisi," alisema. Na Alhamisi alikuja.

Maulida alimfuata Feisal. Alikuwa kijana mpole, na saluni yake ilikuwa safi kuliko Maulida alivyotarajia. Hakukana.

"Dada yangu, sikumshika mtu kwa nguvu. Wanakuja wenyewe. Wengine wameshapita kwako kwanza."

"Nani kakwambia?"

"Wao. Wanasema kwa dokta unakaripiwa. Hapa wanakaa, wanasikiliza muziki, wananieleza mambo yao. Mimi nawasikiliza."

Maulida alimweleza uharibifu aliousababisha, na kwamba mashine ile ikigusa jino tena atampeleka kwa bwana afya na mambo yatafika mbali. Feisal akaapa kuwa ameacha. Alionekana kusema kweli, na Maulida akaondoka. Hakuwa na hasira naye kama alivyotaka kuwa nayo. Lile la kukaripiwa lilimkaa, na njiani alijaribu kumkumbuka japo mwanafunzi mmoja aliyewahi kutoka chumbani kwake akicheka. Hakumpata.

Shuleni alikuwa amewahi kwenda. Alibeba meno makubwa ya plastiki na bango, akazungumza ukumbini mbele ya shule nzima, na watoto wa nyuma walilala. Mara hii alimwomba mwalimu wa afya, Mwalimu Muharami, ampe darasa moja tu, na walimu wasikae ndani. Muharami alikuna kidevu.

"Watakuuliza upuuzi."

"Acha waulize."

Mwanzoni hawakuuliza kitu. Maulida aliketi juu ya dawati la mbele, akangoja. Alikuwa hajazoea kungoja. Hatimaye kijana mmoja aliyeitwa Dadi, huku wenzake wakimsukuma, aliuliza kama ni kweli mtu anaweza kupiga mswaki kila siku na bado akanuka mdomo. Darasa likaangua kicheko. Maulida akasema ni kweli kabisa, akawaeleza habari ya ulimi na utando unaokaa juu yake, na uchafu unaojificha baina ya meno na fizi. Akawaonyesha jinsi ya kuusugua ulimi. Kicheko kikaisha. Kila mtu alikuwa akijaribu ulimi wake kwa siri.

Basi mlango wa maswali ukafunguka. Fizi zinazotoka damu, je? Mkaa unang'arisha? Mswaki wa mti unatosha? Akasema mswaki wa mti ni mzuri ukitafunwa ukalainika na ukafika mpaka kwenye magego, lakini dawa ya meno yenye floridi huyaimarisha meno, basi wakitumia mti wasiiache dawa. Mkaa unakwaruza. Msichana mmoja akauliza kama anapaswa kuacha soda.

"Wewe unakunywaje?"

"Nainunua asubuhi, naimaliza jioni. Kidogo kidogo."

"Basi anzia hapo. Ukinywa, inywe na chakula, uimalize, usukutue kwa maji. Meno yanapata shida zaidi yakiogeshwa sukari kutwa nzima."

Msichana aliitikia kwa kichwa. Hilo aliliweza.

Mwishowe mtu akauliza habari ya mwanya. Maulida alijibu akitazama ubao, kwa kuwa Batuli alikuwa ameketi karibu na dirisha na hakutaka macho yamwelekee. Alisema mwanya wa kuzaliwa ni pambo, wala hana neno nao. Wa kusagwa ni kidonda. Akasita, akitafuta maneno mengine.

"Unauma," Batuli alisema kutoka kule dirishani. "Hata ukivuta pumzi unauma."

Aliyasema hayo akainama kwenye daftari lake.

Tangu hapo Alhamisi alasiri ikawa ya wanafunzi. Wiki nyingine huja wengi, wawili wawili, wakisukumana mlangoni. Wiki nyingine haji mtu, hasa wakati wa mitihani na mvua. Dadi alizibwa jino moja, akaahidi kurudi kwa la pili, na bado anangojewa. Binti mmoja aliyekuwepo darasani siku ile alikwenda Dar kwa jamaa zake akarudi na mwanya mpya, na akimwona Maulida sokoni hupinda kona. Maulida humwachia njia. Siku moja Maulida alimsalimu kwa mbali, akaitikiwa.

Mama yake Batuli alikuja harusini. Alimkumbatia binti yake mbele ya watu, akamshika kidevu na kumtazama mdomo muda mrefu, kisha akamuuliza kwa sauti ndogo kama bado unauma. Batuli akasema maji ya baridi sana tu. Usiku ule alicheka katika picha chache, na katika nyingine alifunga mdomo.

Wiki iliyofuata alikuja kituoni bila miadi. Kipande kidogo cha dawa kilikuwa kimemeguka alipotafuna muwa. Maulida alimkalisha kitini, akawasha taa, na kwa kuwa hakukuwa na foleni, akamwomba amsimulie harusi ilivyokuwa kabla hajampanua kinywa.