Mkono wa Filipo na Programu ya Calist

Si kweli kwamba mume wangu, Calist, aliuawa akikimbia kosa lake. Alikuwa anakimbia, ndiyo, lakini mgongoni alikuwa amembeba Filipo aliyekatika mkono.

Calist alizaliwa Unyambwa, akasomea kompyuta, akarudi nyumbani. Kiwanda cha Gerald cha kukamua alizeti, hapa Ikungi, kiliendeshwa kwa programu yake: dirisha lenye vitufe vya kuwasha na kuzima mota, lililofunguliwa kutoka dirisha jeusi la amri. Mwanzoni ukibonyeza Control na C, amri ya kusimamisha programu, kwenye lile jeusi, hakuna kilichotokea, maana programu ya namna hiyo husinzia mpaka mtu aguse kipanya. Calist akaifanya iamke yenyewe kila mara na kusikiliza. Ikisikia amri, izime mota kwanza, ihifadhi vipimo, ndipo ifunge dirisha.

Makarani walizoea kunakili uzito wa magunia kutoka dirisha hilo jeusi kwa vitufe hivyohivyo. Karani akisahau kuchagua maandishi kwanza, mashine inasimama.

"Fundi, toa hilo pambo lako," Gerald alimwambia mbele yangu. "Wateja wananicheka."

"Siku mtu akinaswa utalitafuta hilo pambo, bosi."

"Tangu lini alizeti ikauma mtu?"

Calist alikataa. Gerald akaita fundi mwingine, naye akaifanya programu ipuuze amri ile kabisa.

Siku ya soko mashine ilimnasa Filipo, mkamuaji, kuanzia vidole. Swichi ya ukutani ilikuwa imeungua, kipanya kimekufa kwa vumbi. Gerald alibonyeza Control na C, akabonyeza tena, akisahau alichoagiza mwenyewe. Mota ilinguruma, mfupa ukasagika, mkono ukakatika. Calist aliingia mbio kutoka uani, akakata waya kwa panga, akamfunga Filipo jeraha kwa shati lake, akambeba kuelekea barabarani.

"Huyo ndiye mwenye programu iliyomkata mtu mkono, anatoroka," Gerald aliwaambia watu wa sokoni.

Walimpiga kwa fimbo na mawe, Filipo akiwa bado mgongoni. Mmoja akampasua kichwa kwa chuma cha mizani. Filipo alilia kwamba siye, siye, na meno ya Calist yalikuwa tayari mchangani.

Filipo yu hai. Ndiye aliyenitajia waliopiga, mmoja mmoja. Baadhi yao huniamkia shikamoo kila Jumapili. Shemeji zangu wanayataka majina hayo, na panga wameshanoa. Calist alikufa akimwokoa mtu. Hakuna atakayechinjwa kwa jina lake. Shemeji zangu nimewanyima. Na wewe sikuambii.