Majani Yaliyofungwa Kivukoni

Tangu mvua ilipolisahau bonde, Yasam Tuke hakuwa akiamshwa na jogoo. Aliamshwa na pua. Kila asubuhi alilala kimya kwanza, akavuta hewa, akaipima, ndipo akafungua macho. Asubuhi hiyo alivuta hewa mara moja tu akaruka kitandani. Moto ulikuwa umeshapanda mgongo wa kilima.

Alitoka nje bila viatu. Ng'ambo ya kijito ulisimama msitu wa chuo kikuu, misonobari ya klinki, mirefu hata mgeni akitazama vilele kofia humdondoka. Nyuma yake moshi ulikuwa unashuka taratibu, mweusi chini, wa manjano juu, kama mtu ajuaye nyumba anayoiendea.

Baba yake Yasam alikuwa mkata miti wa kiwanda cha mbao, enzi zile bonde zima lilipokuwa klinki. Walikata, wakakata, bonde likageuka nyasi za kunai zinazowaka hata kwa jicho baya. Kikabaki kipande kimoja tu, ng'ambo ya kijito, pale magari ya kiwanda yaliposhindwa kupanda. Ukoo ukakiweka mikononi mwa chuo kikuu ili kitunzwe na wanafunzi wasomee humo. Yasam akiwa kijana akapewa reki na panga awe mtunzaji. Watu walimcheka sana.

"Baba kala miti, mwana anailea!"

"Nalipia tumbo la baba," alikuwa akijibu, naye akicheka.

Akaoa, akapata mabinti, wakaolewa mbali pwani. Mkewe alipokufa kwa homa, watu walidhani atawafuata mabinti. Hakwenda. Alikuwa na dada yake Mogeya, na alikuwa na Bering, mtoto wa pekee wa Mogeya, aliyemfuata mjomba wake msituni tangu hajaota meno ya pili.

Klinki haimwangushii mtu mbegu apendapo. Lazima uzifuate kileleni, uchume koni zake za mbegu zingali zimefumba, maana zikishafumbuka upepo huchukua kila kitu. Yasam alikuwa mpandaji hodari, na magoti yalipomchoka alimfundisha mpwa wake. Bering alipanda akiimba. Wanafunzi walikaa chini, shingo zimepinda, wakisikia wimbo unapungua, unapungua, hadi unakuwa kama nzi mdogo angani. Halafu koni zinaanza kushuka kwenye mfuko wa kamba.

Mwaka huu, kabla ya ukame, tawi lilimkatikia. Wimbo ulikatika nalo.

Mogeya hakulia kama wanawake wengine wanavyolia. Alijipaka matope ya msiba mwili mzima, akachukua panga, akateremka kijitoni, akakata mashina ya gorgor, yale majani mapana yanayofanana na iliki mwitu. Akayafunga kukatiza njia, kutoka nguzo hadi nguzo, pale kwenye kivuko ambacho ndicho mlango wa msitu.

Gorgor si ukuta. Mtoto anaweza kuiruka. Lakini mahali palipofungwa gorgor pamefungwa: haingii mtu, haliingii panga, mpaka aliyeifunga aifungue kwa mkono wake, siku ya karamu ya msiba, nguruwe wamechinjwa na matope yameoshwa. Atakayeivuka kabla ya hapo amejihesabu na wafu. Hakuna atakayepokea chakula mkononi mwake mpaka karamu hiyo ifanyike.

Chuo nacho kiliheshimu. Wanafunzi walipelekwa kwingine. Na Yasam, ambaye kila mwanzo wa kiangazi alikwenda juu kilimani kusafisha njia ya moto, ule ukanda mtupu unaotenga msitu na nyasi, mwaka huu hakwenda. Angevukaje msiba wa mtoto aliyemfundisha kupanda? Akangoja. Nguruwe wa Mogeya wakawa hawanenepi kwa sababu viazi vilikauka shambani, karamu ikawa inasogea mbele kama kivuli, na huko juu nyasi zikaota kwenye ukanda, zikakauka, matawi yakaangukia humo. Yasam alilijua hilo kila usiku alipolala.

Asubuhi hii ya moto, alipofika kivukoni aliwakuta wanaume wa kijiji wamekaa kando ya maji, reki na mapanga mapajani. Gari la chuo lilikuwa limesimama pale na pampu za mgongoni zimejazwa maji. Daktari Hitolo, mwalimu wa misitu, mama mfupi kutoka pwani ya kusini, alikuwa akienda na kurudi mbele ya gorgor, mikono kichwani.

"Mbona mmekaa?" Yasam aliuliza.

"Hatujakaa, mjomba," alisema Kamong, dereva wa gari la chuo, mtu wa tumbo kubwa na utani mkubwa zaidi. "Tumesimama kwa makalio." Akatema mate mekundu ya popoo.

Wawili watatu walicheka. Kisha kitu kikapasuka huko juu kama bunduki, na kicheko kikafa.

"Bwana Yasam," Daktari Hitolo alisema kwa sauti ya chini, "mimi ni mgeni hapa. Nikiwaamuru wavuke, watakataa, na watakuwa na haki. Kwetu nasi tuna yetu. Lakini ile miti ndiyo mama wa mbegu zote zilizobaki bondeni. Zungumza na dada yako."

Yasam alimkuta Mogeya amekaa mlangoni pake, matope yamekauka na kupasuka usoni kama udongo wa bwawa lililokufa. Hakunyanyua macho.

"Dada, moto uko mgongoni mwa kilima."

"Nimeuona. Nimepoteza mwana, sijapoteza macho."

"Nakuomba uifungue."

"Nifungue kwa nini? Nguruwe wangu hawa hapa, mbavu tupu. Nimfungulie mwanangu kwa nguruwe gani? Kwa panya?"

"Karamu itakuja, dada. Nitatafuta nguruwe, nitakwenda hata kwa wakwe. Fungua leo, tuwahi ule ukanda wa juu."

"Ikifunguliwa bila karamu, Bering atakuwa amekufa kama kuku aliyegongwa njiani." Sasa alimtazama. "Na huo msitu wako ulimla. Acha nao uliwe."

"Aliupenda, Mogeya."

"Na nani alimpendesha?"

Upepo ulikuwa umeanza kushuka kutoka kilimani, wa moto, ukibeba majivu laini yaliyotua kwenye nywele za dada yake. Yasam aligeuka akakimbia.

Kivukoni hakusimama. Alichukua reki kutoka garini, akajitwisha pampu. Kamong alimdaka mkono.

"Mjomba, usitufanyie hivi. Nani atakula kwako?"

"Nitakula mwenyewe. Unajua ninavyopika, hamjapoteza kitu."

Hakuna aliyecheka. Yasam alinyanyua mguu wake mmoja juu ya majani, kisha wa pili, akaingia majini bila kugeuka. Nyuma yake alisikia wanaume wote wakivuta pumzi kwa pamoja, kama watu wanaoona jeneza likishuka.

Alipanda mbio kwa magoti yale yale mabovu. Msituni kulikuwa na giza la moshi. Alipotokea juu aliuona ukanda wake, na alitamani asingeuona: nyasi zilifika kiunoni, matawi makavu yamelala juu yake, yote yamepangika vizuri kama kuni za mwenye nyumba. Akaanza kuparura. Alivuta, akatupa, akakata, akavuta. Alisafisha mahali penye upana wa kitanda, na moto ukapita kando yake. Akahamia huko. Ukapita huku. Maji ya pampu yaliisha akiwa hajazima hata kisiki. Alipiga kwa matawi mabichi, alipiga kwa shati, mwisho alipiga kwa miguu, akiuapiza moto kwa lugha ya mama yake na kuusihi kwa maneno ya kanisani, na moto haukuwa na habari naye. Ulikuwa na kazi yake.

Akarudi nyuma, mti hata mti. Akafika kwenye mti wa Bering.

Kamba ya mpandaji ilikuwa bado inaning'inia, kutoka matawi ya juu hadi chini, maana gorgor ilifungwa kabla mtu hajaitoa. Yasam aliitupia macho, na wakati huo huo moto uliushika mwisho wake. Ukaanza kupanda. Haukuwa na haraka. Ulipanda mkono kwa mkono, ukatua kidogo kwenye kila fundo kama anavyotua mpandaji aliyefundishwa vizuri, ukaendelea juu, ukawa mdogo, mdogo, hata ukafika kileleni, na kilele kikafunguka chote kwa mwanga.

Yasam alikaa chini. Aliacha reki. Alisikia mtu analia kwa sauti kubwa, akashangaa ni nani.

Wanaume wa kijiji walimkuta hapo. Kamong alimkamata makwapani akamburuta kuteremka, huku wengine wakikimbia na mareki kukata ukanda mpya chini zaidi, karibu na kijito. Ni Kamong aliyemsimulia baadaye jinsi njia ilivyofunguliwa. Mogeya alikuja mbio, matope yakimdondoka njiani, akauliza, "Mdogo wangu yuko wapi?" Wakamwambia amevuka. Kisha akaishika gorgor na vidole vikakataa, fundo lilikuwa limekauka, akainama akalikata kwa meno.

"Nimebaki na mmoja," aliwaambia. "Mnangoja niwabebe?"

Waliokoa sehemu ya chini: miche iliyopandwa na wanafunzi na miti mama michache iliyoegemea maji. Kule juu kote kulibaki nguzo nyeusi zikifuka. Klinki ikiungua haichipui kisikini kama miti mingine. Imekwisha.

Kesho yake walikusanyika kivukoni, macho mekundu. Daktari Hitolo alikitazama kilima.

"Wanafunzi watakuja," alisema, kama anayejaribu neno kama litabeba uzito. "Watasoma namna msitu unavyorudi."

"Utarudi lini?" Mogeya aliuliza.

Daktari hakumdanganya. "Sisi tuliopo hapa hatutauona, mama."

"Basi watasoma kungoja," Mogeya alisema.

Yasam alikuwa amekaa peke yake upande wa pili wa maji. Wenzake walipita njia iliyofunguliwa. Yeye alipita iliyofungwa, na karamu ambayo ingemtoa kwa wafu haikuwepo, wala haikujulikana kama itakuwepo. Alikuwa amechoma viazi vitamu vidogo kwenye makaa ya mti ulioangukia ukingoni. Kwa mazoea ya maisha yote alivisogeza mbele kwa wenzake. Kisha akakumbuka, mkono ukabaki hewani.

"Mimi nimeshiba, mjomba," Kamong alisema akitazama chini. Tumbo lake lilinguruma, watu wote wakalisikia, na hakuna aliyelitania.

Mogeya aliingia majini. Alivuka na matope yake, akapanda ukingo, akachukua kiazi kutoka kiganja kilichoungua cha mdogo wake, mbele ya macho ya kijiji kizima. Alikimenya. Akakitia kinywani.

Kilikuwa kikavu na kimejaa majivu. Alikitafuna muda mrefu, akatafuna, machozi yakichimba mifereji kwenye udongo wa uso wake. Yasam alimtazama bila kupumua, kama alivyokuwa akimtazama Bering juu kabisa mitini.

Hatimaye akameza.