Pingamizi la Bibi Tamasa

Mume wangu Ishengoma ana miaka arobaini na minane, ana migomba, ana mibuni, ni katibu wa jumuiya ndogo ndogo hapa Kanazi, na anampenda kikongwe mmoja wa Kijapani anayepiga watu kwa mwavuli. Msinicheke. Kikongwe anaitwa Bibi Tamasa, na makazi yake ni ndani ya gemu la ngumi linaloitwa Zimbara. Ishengoma alianza naye mwaka 1999, dukani kwa Mzee Kamlesh pale Bukoba mjini, miaka mitatu kabla hajanijua mimi. Kwa hesabu hiyo mke mdogo ni mimi.

Zimbara limetoka mara kumi na moja, na karibu mara zote nimelisikia kupitia ukutani, maana TV iko sebuleni na jiko langu liko nyuma yake. La tisa walimbadilishia bibi rangi ya mwavuli, mume wangu akanuna wiki nzima. La kumi na moja likadai intaneti hata ukitaka kucheza peke yako, na intaneti ya Kanazi mnaijua. Siku hizi hata wapiganaji wanauzwa mmoja mmoja kama sigara. Kila toleo jipya likitangazwa, mtu mzima huyu anahangaika: watambakiza bibi? Watamtoa? Au watamfanya kijana?

Basi, mwezi wa tano mwaka huu, asubuhi, shemeji yangu Philbert alipiga simu kutoka Muleba. Yeye ni mdogo wake Ishengoma, fundi simu pale stendi. Habari yenyewe: kampuni ya Kijapani inayotengeneza Zimbara imeuzwa, na wenye mali wapya wamesema la kumi na mbili litaanza upya, na sura mpya tupu.

Nilimkuta Ishengoma amekaa chini shambani, panga liko pembeni.

"Klaudia, wameuza."

"Wameuza nini, Baba Judica?"

"Bila kutuuliza!"

Hapo ndipo Uhaya ulipompanda kichwani. Kwetu kibanja, yaani shamba la migomba la ukoo, mtu haamki tu akamuuzia mgeni. Ndugu wana haki ya kuweka pingamizi na kukikomboa. Mume wangu akaona Zimbara ni kibanja, wachezaji ndio ukoo, na Wajapani wamekiuza kimyakimya. Akaitisha kikao cha ukoo. Jumapili, baada ya misa, nyumbani kwangu.

Ningeweza kukataa. Sikukataa kwa sababu niliogopa, na nitawaambia nilichoogopa. Baba mkwe alipofariki, miaka tisa iliyopita, Ishengoma ndiye aliyekuwa musika, mrithi mkuu, akachukua kibanja karibu chote. Philbert alipata kipande kando ya barabara kisichootesha hata magugu. Hakusema neno. Akahamia Muleba. Tangu hapo kinachomleta kwetu ni Zimbara tu. Jumapili moja kila mwezi anafika, wanakaa mbele ya TV, wanapigana kwa vidole saa tatu nzima, anaaga, anapanda basi. Hawaongei lingine. Gemu likifa Philbert haji tena, na mume wangu hana ndugu mwingine duniani. Hilo ndilo lililonitesa. Huyo bibi na mwavuli wake, hata wangemzika kesho, nisingevaa kanga ya msiba.

Ukoo uliofika ni watu watatu: Ishengoma, Philbert, na Mzee Kamlesh, aliyeitwa kuwa shahidi kwa kuwa Zimbara la kwanza walilichezea dukani kwake. Familia yake imeendesha duka lile tangu enzi za babu yake, na Kihaya anakijua kuliko wanangu. Nikawapa buni za kutafuna, kama wageni wa heshima. Philbert akaazima kalamu ya wino ya Mzee Kamlesh, akaanza kuandika.

"Sisi wanaukoo wa Zimbara, Kanazi na Muleba, tunapinga..."

"Weka na suala la rangi ya mwavuli," akadakia Ishengoma.

"Mwavuli usubiri," akasema Mzee Kamlesh. "Mweka pingamizi ni nani? Jina linatakiwa moja. Mimi nimekaa vikao vya mashamba vingi kuliko ninyi."

"Ni mimi," akasema Ishengoma. "Mimi ndiye mkubwa. Mimi ndiye musika."

Philbert akaweka kalamu chini.

"Kaka, kibanja cha baba umechukua. Sasa unataka na Bibi Tamasa?"

Maawe! Nilikuwa mlangoni na sinia. Mzee Kamlesh akaacha kutafuna. Namjua Ishengoma, akiwa na makosa hupandisha sauti.

"Mchukue! Mchukue bibi, na mwavuli wake, na matoleo yote kumi na moja!"

"Simtaki."

"Sasa unataka nini?"

"Mibuni ya bondeni. Ile niliyoipanda na baba."

"Miaka tisa, Philbert! Kwa nini hukusema?"

"Ningesema saa ngapi? Kila nikifungua mdomo unanipiga mwavuli!"

Nilicheka, Mungu anisamehe. Mzee Kamlesh naye akacheka mpaka buni ikampalia, na mwisho Philbert mwenyewe. Ishengoma hakucheka. Machozi yalikuwa yanamtoka, jitu zima, akayafuta kwa barua ya pingamizi, na wino wote ukamhamia shavuni.

"Ni yako," akasema. "Twende sasa hivi tukapande mpaka, kabla sijabadili mawazo."

Wakatoka wote watatu na vipande vya mlamula, ule mti tunaopanda mipakani, Mzee Kamlesh akiwashikia kamba na viatu vyake vya dukani.

Barua haikwenda popote. Wenye kampuni watafanya watakavyo, na Ishengoma hadi leo anafungua simu kila asubuhi kuona kama bibi yumo. Mimi nakumbuka saa kumi ile, waliporudi na matope magotini. Basi la Muleba lilipiga honi barabarani, Philbert asilikimbilie. Alinawa mikono, akavuta mkeka, akakaa.

"Shemeji, kuna chakula?"

Hakuwa ameniuliza hivyo tangu tulipomzika baba mkwe. Nikamwambia kipo.