Melkizedeki Aliyengoja Mwizi

Mume wangu Melkizedeki hakuwa mlevi wala hakunipiga. Ubaya wake ni kwamba kila nilichonunua kwa kuuza asali pale stesheni ya Itigi alikiita chake. Cherehani ilikuwa yake, ingawa hakujua hata kutunga uzi. Kochi na kabati navyo hivyo hivyo.

Ndipo akaja kijana wa bima, Innocent, akituzungukia sisi wapangaji. Alisema nyumba ni ya mwenye nyumba lakini vyombo vya ndani ni vya mpangaji, na vikiungua au kuibwa mpangaji atalipwa. Melkizedeki alivaa shati la kanisani, akashika cherehani yangu begani kama mtoto wake, akapigwa picha. Bima ikakatwa kwa jina lake.

Tangu hapo akawa mtu wa kungoja mwizi.

Jumapili aliacha mlango wazi makusudi. Tuliporudi kanisani tulimkuta jirani yetu, Mama Stumai, kizingitini na fimbo mapajani.

"Baba Jesca, mlisahau kufunga. Hata ugali sijasonga, nalinda."

Melkizedeki alimshukuru kwa sauti ya mfiwa. Jumapili iliyofuata Mama Stumai alitufungia kwa kufuli lake, akaenda zake gulioni. Tulishinda nje na Biblia zetu.

Melkizedeki akamwuliza Innocent kinachomzuia mwizi asije.

"Mzee, hata akija, mlango ukiwa wazi hulipwi. Lazima uwe umevunjwa."

Basi mume wangu akaazima mtaimbo, akaanza kuvunja mlango wetu mchana kweupe. Majirani walikuja mbio na marungu. Walipomtambua walimhurumia kwa kupoteza ufunguo, wakampitisha dirishani.

Haya yote niliyavumilia. Lakini jioni moja alisema cherehani ataipeleka Kilimatinde kwa kaka yake, ikafichwe.

"Na mimi nitashona na nini?"

"Mama Jesca, kitu kilichoibwa hakishonewi. Watatushuku."

Cherehani ile ndiyo iliyotulisha. Kesho yake, alipokwenda kuulizia lori, nilimwambia Mama Stumai kwamba nahama. Aliita wanawake wa mtaa. Tulibeba cherehani, kochi na kabati tukavuka reli, watu wakitupisha na kutupa pole. Mlango niliufunga vizuri.

Melkizedeki alirudi, akafungua, akakuta nyumba tupu, akafurahi kupita kiasi. Alivunja mlango kwanza, kisha akamwita Innocent.

Innocent akawauliza majirani nani amemwona mwizi.

"Ni sisi," alisema Mama Stumai. "Kabati nilibeba mimi. Zito hilo, Baba Jesca, mgongo unaniuma mpaka sasa."

"Mzee, mkeo amehama na vyombo," Innocent akasema. "Hilo hatulipi."

Mume wangu akanijia katika chumba nilichopanga, Innocent na mtaa mzima nyuma yake.

"Mama Jesca, kubali tu kwamba umeiba. Nikilipwa tutagawana."

"Nitakubali. Waambie kwanza hawa watu nani alivinunua."

Alitazama cherehani, akatazama watu. Innocent alimngoja ajibu hadi akachoka, akawasha pikipiki yake akaondoka.

Mpaka leo akipita hapa huangalia upande wa reli. Mimi nashona sare za shule.